Kabla ya kumpa mtoto fedha za kompyuta

Mama mmoja wa Temeke, fundi cherehani, aliombwa fedha na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Kijana alitaka kuunda kompyuta yake ya mezani, na akiba iliyokuwepo ni ya ada ya chuo. Mama kompyuta hazijui, ila anajua kitambaa hupimwa kabla ya kukatwa. Akamwambia, "Mwanangu, nieleze kwanza ni ya kazi gani, na kila kifaa kinapatanaje na mwenzake."

Kijana alikaa na daftari wiki mbili. Akajua prosesa ya AM4 haikai kwenye mazabodi ya AM5, wala RAM ya DDR4 haiingii tundu la DDR5. Kwa kuwa alitaka kujifunza kuandika programu, si kucheza gemu, akaifuta kadi ya picha ya bei kubwa. Mama akauliza umeme unaingilia wapi. Alipoonyeshwa pawa saplai ya bei ya chini kuliko zote, akaikataa. Rahisi ni ghali: ikiungua, huweza kuunguza na vingine.

Mzazi akiombwa kitu asichokijua, hukimbilia "ndiyo" au "hapana". Huyu aliuliza, akasubiri. Ada imebaki, na hesabu kaipiga kijana mwenyewe.