Santuri Hazina Mwaka

Mzee wetu aliacha santuri sitini na tatu, na nyingi hazina mwaka popote kwenye lebo. Kuna jina la bendi, namba ya kiwanda, na pande mbili, kwa sababu zamani wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: usikilize maneno huku, ugeuze upate magitaa kule. Nilitaka kuzipanga ili nijue alianza kununua lini na akaacha lini. Kila familia ina mtu wa kushughulikia vitu vya marehemu. Kwetu ni mimi, kitinda mimba.

Natumia TimelineJS, programu ya bure ya Knight Lab, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Unajaza jedwali la Google Sheets, tukio moja mstari mmoja: mwaka, mwezi, siku, kichwa, maelezo, picha au video ya YouTube. Halafu inakupa historia yako imetandazwa, unaiburuta kwa kidole. Mwezi unaweza kuuacha wazi, siku pia. Mwaka, hapana. Bila mwaka inagoma, kama konda wa asubuhi ukimpa noti ya elfu.

Sasa, mwaka ndio kitu Mama hana. Ukimuuliza lini, atakwambia "mwaka Mzee Kenyatta alipokufa," ama "ile Agosti wanajeshi waliingia VOK." Mimi najaza 1978, 1982. Lakini kuna safu nyingine ya maneno yatakayoonekana badala ya tarehe, na hapo naandika vile alivyosema yeye. Hiyo safu peke yake ndiyo imenifanya nisitafute programu ya kulipia.

Nikatenga makundi mawili, santuri juu, nyumbani chini. Hapo ndipo mambo yalichacha.

Tumelelewa na hadithi kwamba wazazi wetu walicheza "Sina Makosa" ya Les Wanyika siku ya harusi yao. Cheti cha ndoa kinasema Desemba 1977. Les Wanyika ilizaliwa 1978, wanamuziki walipojitoa Simba Wanyika, bendi ambayo ndugu wawili Watanzania, Wilson na George Kinyonga, waliianzisha 1971. Kwa hivyo kwenye skrini harusi iko kushoto, bendi iko kulia, na huwezi kuburuta moja ikaipita nyingine.

Dada yangu alisema niachane nayo. "Usimharibie Mama." Alikuwa na hoja, hadithi yenyewe ni tamu. Lakini mimi niliona kama kuna mtu amesimama katikati ya hiyo miaka miwili, na simjui. Jumapili baada ya chai nikamwonyesha Mama kwa simu.

"Basi cheti ndicho chenye makosa," akasema, tukacheka.

Kisha akanyamaza. Harusini hakukuwa na santuri, akasema, kulikuwa na kwaya. Hiyo santuri baba yako alikuja nayo kutoka Mombasa. Mombasa gani? Sisi hatukuwahi kusikia Mombasa.

"Aliondoka kaka yako hajatambaa. Aliporudi, kaka yako alikuwa anakimbia."

Hakuomba msamaha. Aliingia, akaweka begi chini, akaweka santuri.

"Eti sina makosa! Nilitaka kuivunja, wallahi." Akafuta kioo cha simu na leso. "Ilipofika mwisho nikamwambia, haya, geuza."

Nilimuuliza niandike nini. Akasema harusi niiache palepale ilipo, na nifungue mstari mwingine, niuite "aliporudi." Nimehesabu kwa umri wa kaka, nikajaza 1980. Mwezi nimeuacha wazi. Nimetuma kiungo kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Kaka amejibu kwa kuuliza kama hiyo santuri bado inacheza. Dada hajafungua.