Kokoma na kokóma

Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilihitaji msamiati wa Lingala inayosemwa Kisangani, na peke yangu nisingeweza kuukusanya. Tukawa wanne. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na orodha zetu hazikulingana hata siku moja. Ndipo tukachukua kompyuta ya zamani, tukaweka Nextcloud iwe seva yetu ya kazi ya pamoja, na nyuma yake MariaDB, hifadhidata ya majedwali yanayohusiana.

Kuziunganisha hakukutusumbua. Nextcloud huuliza jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila na anwani ya mashine, basi. Mwanzoni tuliiacha itumie SQLite, lakini hiyo humruhusu mwandikaji mmoja tu kwa wakati mmoja, nasi tulipoingia sote ilikwama. Kwa MariaDB tukapumua. Rekodi za sauti zikakaa Nextcloud. Maneno nikayatengenezea jedwali langu katika hifadhidata ile ile, pamoja na fomu ya kuyajaza. Ili neno lisiingie mara mbili, niliamuru kila tahajia iwe ya pekee (homonimu za kweli tulizipa namba) na zinazojirudia zirukwe kimya kimya.

Huko kimya kimya ndiko kulikoniponza.

Tulirudi Mangobo kwa mama aliyetupa maneno mengi, nikamsomea orodha ahakikishe. Nilipotaja kokoma, kuandika, alingoja.

“Na lile lingine, mwanangu? Niliwapa yote mawili siku moja.”

Lilikuwa kokóma, kufika. Nikatafuta, halipo. Nikatafuta motó, kichwa, nalo halipo: mahali pake palikaliwa na moto, yaani mtu.

“Mashine yenu haisikii?” akauliza mama.

Ilikuwa inasikia nilivyoiambia. Jedwali nilikuwa nimelipa kanuni ya kulinganisha herufi iitwayo utf8mb4_general_ci, ambayo kwake ó na o ni herufi moja. Anayetafuta jina la Kifaransa bila kuandika alama zake hunufaika. Kwa lugha ya toni, neno la pili huonekana ni marudio, nalo hutupwa. Kwa miaka mingi MySQL, mzazi wa MariaDB, ilitoka kiwandani na kanuni ya Kiswidi, kwa kuwa kampuni yake ilizaliwa Sweden. Siwalaumu kwa kutoifikiria Kisangani. Lakini mimi nimesomeshwa toni tangu mwaka wa kwanza, na kanuni ile niliichagua kwa mkono wangu.

Nikabadili kuwa utf8mb4_bin, ambayo haisamehe chochote. Likabaki tatizo lingine: ó huweza kuandikwa kama herufi moja, au kama o ikifuatwa na alama, na hizo mbili huhesabiwa maneno mawili. Ilibidi kila neno lipitishwe kwanza kwenye umbo sanifu la Unicode, NFC. Hata huko ɔ́ hubaki vipande viwili, maana haina herufi yake moja.

Yaliyorekodiwa tunayasikiliza upya, jioni baada ya jioni, umeme ukiwepo. Mwenzetu mmoja, ambaye mara nyingi hakurekodi, alikwisha tupa daftari lake kwa sababu “yote yako kwenye seva”. Mzee aliyempa maneno yale amepanda boti kurudi Basoko.