Bolti Haijikwamishi

Wasee, wacha niseme kitu ambacho kitanipatia maadui kwa gereji: bolti haijikwamishi. Ukiona bolti imekataa kutoka na kona zake zote zimeliwa, jua kuna mtu aliikaza vibaya, ama aliifungua na spana isiyo yake, halafu akaenda na pesa yake mfukoni. Anayelia ni yule wa pili. Na mara nyingi wa pili ni mwenye gari.

Mimi niko Rodi Kopany, pale barabara ya Rongo kwenda Homa Bay inakutana na ile ya Ndhiwa. Huku Probox ndio matatu, ndio lori, na usiku ndio ambulensi. Anko wangu ako na moja. Hiyo gari ndiyo inalipa mkopo wa sacco na fee ya watoto watatu. Juzi breki za mbele zilianza kulia, chuma kwa chuma. Tukaamua kubadilisha pedi wenyewe hapo nyumbani, kwa sababu si kazi kubwa. Unalegeza nati za gurudumu, unainua gari na jeki, unaiweka kwa stendi, unafungua bolti ya chini ya kalipa, unaiinua kama mlango, pedi za zamani zinatoka, mpya zinaingia.

Upande wa kulia ulichukua kama nusu saa. Upande wa kushoto tulipata bolti ya saizi 14 ambayo haikuwa 14 tena. Kichwa kilikuwa duara kama shilingi kumi, na alama za meno ya spana malaya zilikuwa bado zinaonekana. Hatujui ni nani alifanya hivyo. Gari imepita kwa mikono mingi kabla ifike kwetu.

Fundi wa kwanza tuliyemwita aliangalia sekunde mbili akasema tununue kalipa nzima. Wa pili ndiye alinikasirisha. "Tembea nayo tu, bado inashika. Mwisho wa mwezi tutaona." Inashika? Gari inabeba watu tisa, wengine wamepakata watoto, na breki moja imebaki chuma? Shida ni kwamba anko alikuwa anasikiza hiyo maneno vizuri sana. Siku moja bila kazi kwake ni siku moja bila pesa, na sacco haijui habari ya bolti. Nilimwambia, "Anko, nipe mpaka kesho." Akanyamaza, akaweka ufunguo mezani. Kwa anko, hiyo ni ndiyo.

Sasa, kabla niwaambie tulifanya nini, elewa kwanza kwa nini hii kitu hutokea. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokula. Ikiingia katikati ya nyuzi za bolti, inavimba na kubana. Hapo bolti inahitaji nguvu nyingi kuzunguka. Ukitumia soketi ya kona 12, inashika karibu na ncha za kona, na ncha ndiyo sehemu dhaifu. Soketi ya kona 6 inashika ubavu. Spana malaya nayo taya zake hulegea kidogo kidogo, inateleza, na kila ikiteleza inakula chuma. Ndio maana nachukia zile video za sekunde 30, ati gonga mara moja na imetoka. Kila jaribio la nguvu linapunguza chuma ya kushika kwa jaribio linalofuata. Huna majaribio mengi.

Jioni hiyo tulisugua na brashi ya waya, tukaweka mafuta ya kulainisha kutu, matone machache tu, pale bolti inapoingia. Usimwage. Mafuta yakifika kwa pedi ama diski, breki haishiki, na raba za kalipa haziwezani na mafuta ya taa wala dizeli, zinavimba. Halafu tukalala. Kulala ni sehemu ya kazi, mafuta yanahitaji masaa yapenye.

Asubuhi tukagonga bolti kichwani mara kadhaa na nyundo, kutikisa kutu. Tukachukua soketi ya kona 6 saizi 13, ndogo kwa namba moja, tukaigonga juu ya kichwa mpaka ikaingia kwa nguvu. Mara nyingi hapo kazi inaisha. Kwetu iliteleza. Vaisgripu nayo ikateleza. Anko akaenda kutafuta patasi, nikamwambia hapana, tumwite welda.

Welda ni mzee wa hapa hapa Rodi, kazi yake kubwa ni mageti na vitanda. Kwanza hakugusa bolti. Alitoa waya wa betri. Akafunika paipu ya breki na kitambaa chenye maji. Akapangusa mafuta yote. Halafu akauliza, "Omera, mmepuliza hapa breki klina?" Hatukuwa tumepuliza. Akasema kama tungepuliza, hangechomelea. Nilienda kusoma baadaye: breki klina zingine zina klorini, na moto wa welding unaweza kuigeuza kuwa fosijini, gesi ile iliyotumika kama silaha Vita vya Kwanza vya Dunia. Mzee hakutaja hilo jina. Alijua tu kwamba inaua.

Akaweka nati juu ya kile kichwa cha duara, akaijaza welding kwa lile shimo la katikati, akangoja wekundu uishe. Hapo bolti imepata kichwa kipya, na joto limevunja kutu. Akashika spana ya nati, akakaza kidogo kwanza, halafu akarudisha. Kaa! Ikalia na kutoka. Shilingi mia tatu. Tukanunua bolti mpya na raba mpya, pini tukaipaka grisi ya silikoni ya breki, na mchana anko alikuwa barabarani.

Huyo mzee aliacha shule darasa la saba. Mimi niliacha uni mwaka wa pili, na kila wiki kuna mtu ananiandikia ati ningemaliza ningekuwa mtu. Sina neno na vyeti. NITA iko na mitihani ya ufundi, Gredi ya 3 mpaka ya 1, na hata aliyejifunzia chini ya mti anaweza kuifanya. Ningependa mzee aende. Lakini yule aliyekula ile bolti pengine alikuwa na cheti, pengine hakuwa nacho. Chenye alikosa ni kufikiria mtu atakayekuja nyuma yake. Kupangusa nyuzi, kushika spana sawa, kukaza na mkono mmoja badala ya kuongeza bomba la mita moja: hiyo ni dakika mbili. Dakika mbili zake zilitugharimu siku nzima, na kidogo tu anko angerudi barabarani na breki mbovu.

Kwa hivyo kabla umpe fundi ufunguo, angalia mkono wake. Akija kwa bolti ya breki na spana malaya, mwambie polepole, "Boss, tafuta saizi yake." Akikasirika, chukua gari yako. Na kama wewe ndiye fundi, kaza hiyo bolti kama vile kesho ni wewe utaifungua, kwa jua, na mwenye gari amesimama hapo anaangalia saa.