Chukudu ya Goma

Ukifika Goma usiangalie Ziwa Kivu na mlima Nyiragongo tu. Angalia chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali. Haitoki kiwandani. Seremala anaichonga moja moja: mwili ni mti wa mkaratusi, magurudumu ni mti mgumu, yamevikwa mpira wa pneu ya zamani. Mwenye kuiendesha anaweka goti juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma chini.

Inabeba mamia ya kilo: makala, viazi, kabichi za Kibumba. Lakini mawe ya lava, kama yale yaliyomwagika mjini tarehe 17 Januari 2002, yanakula magurudumu. Basi kazi ya seremala haiishi siku ya kuuza. Mutu gurudumu likimuharibikia hatupi chukudu. Anarudi kwa fundi, anatiwa jipya, mwili ni ule ule. Watoto nao wanajitengenezea ndogo. Hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Mwaka 2009 sanamu ya chukudu yenye rangi ya dhahabu ilizinduliwa Goma. Vijana wa migodini, fikirini: dhahabu ile inasifu mti na mikono.