Utawa si wa Masista Peke Yao

Neno "utawa" lina vituko vyake. Ukilitaja huku bara, hasa kwa sisi tuliosomea shule za misheni, mtu anaona sista na rozari. Pwani, msichana kutawishwa ni habari nyingine kabisa: amebaleghe, basi anakaa ndani, haonekani ovyo, mpaka aolewe. Neno moja, nyumba mbili, na hakuna aliyekosea.

Nalitaja kwa sababu ya Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ambayo baadaye ilitahiniwa kwenye KCSE. Mwalimu wetu alikuwa moto wa kuotea mbali katika ngeli. Sarufi niliyo nayo ni yake. Lakini tulipofika pale Bwana Maksuudi anamfungia binti yake Maimuna ndani, alifunga kitabu akasema, "Ndivyo walivyo watu wa Pwani." Halafu akamgeukia msichana pekee aliyevaa hijabu darasani. "Au sivyo? Hebu tuambie."

Jamani, msichana mwenyewe alikuwa wa Garissa! Bahari hajaiona. Alisimama, akasema hajui, akaketi. Muhula ule mzima hakuinua mkono tena kwenye fasihi.

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba riwaya yenyewe ilishamjibu mwalimu. Maksuudi hasutwi kwa kuwa Mwislamu au mtu wa visiwani. Anasutwa kwa unafiki: mkewe na bintiye ndani, yeye nje na mambo yake. Na anayemtega mpaka aibu yake ikatoka hadharani ni Kazija, mtu wa hukohuko. Mwandishi ni Mzanzibari anayegombana na watu wake, kwa lugha yao. Sisi tukaigeuza kesi ya Pwani nzima, tukanakili ubaoni "nafasi ya mwanamke", (a) mpaka (e), kama mwongozo ulivyotaka. Mtihani tulipita, bila shaka.

Mwalimu wa lugha hahitaji kuwa ameishi Unguja ili afundishe kitabu kile. Angeuliza tu darasa zima: ni nani hapa ambaye kwao binti haruhusiwi kutoka jioni? Mikono ingepanda, ya watoto wa wachungaji ikiwa mbele. Wangu pia. Dada zangu walitakiwa wawe ndani kabla kuku hawajaingia bandani, na kaka yetu alirudi saa aliyotaka.