Siku Mbili Zisizokuwa Zangu

Ndugu msomaji, mimi ni mke wa askari polisi. Kwa miaka mitano tuliishi Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako mume wangu alikuwa amepangiwa kazi. Nyumba yetu ilikuwa karibu na barabara, hata nikiwa naanika nguo niliweza kuwaona watu waliokuwa wakienda darajani na kurudi. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Kizungu walioingia Uganda kwa viza ya utalii, wakapendezwa na nchi yetu, na siku zao zikawa zinakwisha. Hao walivuka daraja asubuhi, wakaketi upande wa Kenya, wakanywa soda, na jioni wakarudi na mifuko yao mgongoni wakitumaini kupigiwa muhuri mpya. Wengine walifanikiwa. Wengine waliulizwa maswali mpaka giza likaingia.

Mimi niliwacheka. Nilimwuliza mume wangu, "Baba Musa, mtu mzima anavukaje mpaka kwenda kunywa soda tu?" Naye alinijibu, "Usimcheke mtu ambaye siku zake zimehesabiwa, Mama Musa."

Jibu lile nilikuja kulielewa mwaka 2015, katika mji wa Guangzhou, kusini mwa China.

Wakati huo tulikuwa tumekwisha hamia kambi ya polisi mjini Kampala. Akina mama 18 wa kambini tulikuwa na kikundi cha kuweka akiba, na baada ya kuweka kwa miaka miwili tulikubaliana kwamba mmoja wetu aende China kununua viatu vyeusi vya shule, ili vifike kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa mwezi wa Februari. Kura iliniangukia mimi. Nilifurahi, lakini usiku ule nililala nikiwa na hofu, kwani fedha za mtu mmoja zikipotea hulia mmoja, na fedha za kikundi zikipotea hulia nyumba 18.

Wakala aliyetutafutia viza aliniambia kwamba viza ya utalii, ambayo Wachina huiandikia herufi L, ingepatikana upesi kuliko ile ya biashara, ambayo huandikiwa herufi M. "La muhimu ni kuingia," alisema. Nami sikuuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na ninalitaja wazi ili mwenzangu asilirudie.

Kabla sijaondoka, Baba Musa alivaa miwani akaisoma viza ile neno kwa neno, kama asomavyo hati ya mashtaka. Akanionyesha mambo matatu. La kwanza, tarehe ya mwisho ya kuingia nchini. La pili, idadi ya siku za kukaa tangu kuingia, nazo zilikuwa 30. La tatu, idadi ya mara za kuingia, nayo ilikuwa mara moja tu. "Ukitoka mlangoni mwao, hata kwa dakika tano, viza hii imekwisha kazi," alinionya.

Niliingia Guangzhou tarehe 3 Novemba. Nilifikia mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wengi wa Afrika hukaa, na ambako katika dukani la vyakula au kwenye ngazi za hoteli mtu husikia Kiswahili cha Dar es Salaam, cha Lubumbashi na cha Kampala kwa saa moja. Nilipanga chumba pamoja na dada mmoja kutoka Dar es Salaam. Sheria ya huko humtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe katika kituo cha polisi kabla ya saa 24 kupita, na mimi, kwa mazoea ya kambini, nilikwenda siku ile ile. Mwenzangu alinicheka kidogo, akasema kwamba mke wa askari hata akiwa China hupenda kuripoti. Lakini kipande kile cha karatasi nilichopewa ndicho kilichonifaa baadaye.

Kazi ya kutafuta viatu ilinichukua wiki mbili. Katika maduka ya jumla ya mtaa wa Zhanxi, karibu na stesheni ya reli, niliona viatu vingi hata macho yakachoka. Hatimaye nilikubaliana na mwenye kiwanda kimoja, nikatoa malipo ya kwanza, naye akaahidi kuyakabidhi makatoni 24 kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya siku chache alinipigia simu kwamba soli zilizoletwa hazikuwa za saizi tulizoandika, na kwamba kazi ingechelewa.

Dada wa Dar es Salaam naye mzigo wake ulikuwa umechelewa. Mtu mmoja alimshauri apande treni kwenda Shenzhen, avuke kwa miguu daraja la Luohu, aingie Hong Kong, kisha arudi na kuhesabiwa siku mpya. Nilimwambia asome viza yake kwanza. Akanijibu, "Hong Kong si China, shoga? Nitakuwa sijatoka."

Maneno yake yalikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaopoteza watu. Ni kweli kwamba Hong Kong, iliyokuwa chini ya Waingereza, ilirudishwa kwa China tarehe 1 Julai 1997. Lakini Hong Kong imebaki na idara yake ya uhamiaji, mihuri yake na masharti yake. Mtu akivuka daraja lile amehesabiwa kuwa ametoka China bara, na mwenye viza ya kuingia mara moja hana ruhusa ya kurudi mpaka apate viza nyingine.

Aliondoka alfajiri na mkoba mdogo, akaacha nguo zake kitandani. Usiku alinipigia simu kutoka Chungking Mansions, jengo kubwa la Kowloon lenye vyumba vya bei nafuu, ambako wasafiri wengi wa Afrika hulala. Alikuwa akilia. Alikuwa ameomba kurudi akakataliwa. Siku ya pili alikwenda kuomba viza mpya, akaambiwa akaombe nchini kwake. Mwishowe alirudi Dar es Salaam kutoka Hong Kong, na mimi ndiye niliyemfungia nguo zake nikampa mtu ampelekee. Mzigo wake ulibaki mikononi mwa watu aliowafahamu kwa mwezi mmoja.

Ndipo nilipokumbuka vijana wa Malaba na soda zao, na sikuona tena jambo la kuchekesha.

Mimi niliamua kuomba kuongezewa siku kwa njia ya halali. Huko kazi hiyo hufanywa na polisi, katika ofisi yao ya kutoka na kuingia nchini, na ombi hupelekwa siku 7 au zaidi kabla ya viza kwisha. Nilikwenda tarehe 24 Novemba nikiwa na pasi, picha, kile kipande cha kuandikishwa, tiketi ya kurudi, na ushahidi kwamba nilikuwa na fedha za kujikimu. Nyuma ya dirisha alikaa askari wa kike, kijana, mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri. Aliitazama herufi L, akanitazama mimi, akauliza kwa njia ya mkalimani, "Ni mahali gani ambako bado hujapatembelea?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimekwisha funzwa jibu la uongo: nitaje milima na mahekalu. Lakini niliiona sare ile, nikamkumbuka mwenye sare aliyeko nyumbani kwangu, ulimi ukawa mzito. Nilisema kwamba nilikuja kutazama mji na masoko yake, kwamba nimenunua viatu, na kwamba nangoja viwe tayari ili nirudi kwa watoto wangu. Aliandika kwa muda mrefu. Alichukua pasi yangu akanipa stakabadhi, na kwa siku zile za kungoja nilitembea nayo kifuani kama hirizi. Niliporudi nilikuta nimeongezewa siku 10, hadi tarehe 13 Desemba. Sheria yao hairuhusu nyongeza zote kwa jumla kuzidi siku za kwanza alizopewa mtu, na afisa anaweza kutoa pungufu ya zinazoombwa. Sikunung'unika. Nilikuwa nimeomba, si kudai.

Mwenye kiwanda aliahidi tarehe 10 Desemba. Siku hiyo ilipofika alisema tarehe 15.

Hapo ndipo nilipojaribiwa. Wenzangu pale Xiaobei waliniambia, "Ni siku mbili tu. Lala ndani, usipite njia kuu, kisha ulipe faini uwanja wa ndege." Nilikwisha kuambiwa adhabu yenyewe: kosa hilo huanzia na onyo, na likionekana zito huwa faini ya yuan 500 kwa kila siku iliyozidi, isiyopita yuan 10,000, au mahabusu kwa siku 5 hadi 15. Nilipiga hesabu. Yuan 1,000 kwa makatoni 24 zilionekana kuwa bei ndogo.

Usiku nilimpigia simu Baba Musa nikamweleza yote. Alinyamaza kwanza. Kisha akanisimulia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisimulia. Alisema kwamba pale Malaba alimkamata kijana mgeni aliyezidisha siku mbili. Kijana yule alikuwa na sababu nzuri kuliko yangu, kwani alikuwa akimwuguza rafiki yake. "Nilimpeleka kwa maofisa wa uhamiaji, akalala kwenye benchi," alisema. "Mimi usiku ule sikupata usingizi. Lakini tarehe sikuiandika mimi, na kama ningemwachia yeye, yule wa kesho ningemwambia nini? Sasa, Mama Musa, unataka askari wa watu naye akose usingizi kwa ajili yako?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba fedha si zake peke yake, ni za nyumba 18. Akasema, "Ndiyo maana. Hao 18 walimtuma mtu, hawakumtuma mkimbizi." Simu ikakatika kwa kwisha salio, nami nikalia mpaka usiku wa manane.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja wa Lubumbashi, msafirishaji wa mizigo, ambaye nilikuwa nimemwona akiwagombeza vijana wake kwa katoni moja iliyolowa mvua. Nilimwachia fedha za kumalizia, orodha ya saizi, na kiatu kimoja cha mfano. Kile cha pili nilikifunga katika nguo zangu. Tuliandikiana mkataba mbele ya mashahidi wawili. Tarehe 12 Desemba nilisimama mbele ya dirisha la uwanja wa ndege. Askari alifungua pasi, akasoma, akapiga muhuri bila kuniuliza neno. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Sitakudanganya kwamba mwisho ulikuwa mzuri wote. Viatu vilipita Mombasa na Malaba, vikafika Kampala shule zikiwa zimekwisha funguliwa. Makatoni mawili yalikuwa na saizi ambazo hatukuziagiza. Tuliuza kwa bei ya chini, na faida tuliyoitazamia ikawa ndogo mno. Katika mkutano wa kikundi mama mmoja aliniuliza mbele ya wote kwa nini sikungoja siku mbili. Nilimjibu kwamba siku zile hazikuwa zangu. Hakuridhika, na hata leo sina hakika kama ameniridhia. Lakini mwaka 2017 nilipoomba viza tena, safari hii ile ya biashara, pasi yangu ilikuwa safi, na nilipewa.

Basi mwenzangu unayejiandaa kusafiri, omba viza inayolingana na kazi unayokwenda kuifanya. Soma siku zako na mara zako za kuingia kabla hujafunga mzigo. Ukihitaji nyongeza, iombe mapema, maana anayewahi huwa na njia mbili tatu za kuchagua, na aliyechelewa hubakiwa na moja, nayo ni kujificha. Wala usivuke mpaka kwa kusikia ya watu.

Kiatu kile cha mfano bado ninacho, kimoja, juu ya kabati. Mjukuu wangu huniuliza mwenzake yuko wapi. Humwambia kwamba mwenzake alibaki China akingoja, nami nilirudi nyumbani kwa kuwa tarehe ilikuwa imefika.