Kigari cha Kadibodi



Kina mama hutuuliza mara kwa mara kuhusu vijana wanaokesha wakiunda vigari vya mfano: je, hiyo si laghwi? Mmoja wao alitujia akiwa ameshaazimia kuvitia moto. "Sheikhe, chumba ni kimoja, naye amekijaza takataka," alisema. Tukamwomba tuvione kwanza, kwani hukumu ya kitu hufuata kukijua.

Tulichoonyeshwa ni Datsun 240Z, gari ambalo Shekhar Mehta alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1973. Halikununuliwa. Bodi ni ya kadibodi, vioo vimetokana na chupa ya maji, na magurudumu yamekatwa kwenye ndara kuukuu. Kila kipimo cha gari la kweli kimegawanywa kwa 24, hata urefu wa takriban mita 4.1 ukawa sentimita 17. Rangi imepakwa tabaka nyepesi nyepesi, kila moja ikisubiriwa ikauke na kupigwa msasa kabla ya nyingine. Ubavuni, karibu na magurudumu, kijana amegandisha udongo mwekundu kwa gundi. "Gari la Safari lisilo na tope ni la dukani," alitwambia.

Tukamuuliza kwa nini alilichagua gari hilo. Akajibu kwamba marehemu babake alikuwa akimsimulia jinsi alivyoyatazama magari hayo utotoni. Mama yake akanyamaza. Hakuwa amelijua hilo.

Kisheria, asili ya mambo ni uhalali mpaka ije dalili ya kuyaharamisha. Gari si kiumbe chenye roho. Na Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona Bi. Aisha (r.a.) na farasi wa kuchezea mwenye mbawa za vitambaa. Hakumtupia. Alimuuliza ni nini, akasikiliza jawabu lake, akacheka. Haramu huingia kwa mlango mwingine: swala ikipita wakati, fedha ya chakula ikinunua rangi, au kabati la maonyesho likawa la kujifaharisha mbele ya wageni.

Hata katika historia ya vigari hivi pana baba aliyesikiliza. Mwaka 1952 huko London, Jack Odell alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu tu kitu cha kuchezea kinachoenea ndani ya kiberiti. Baba akamtengenezea mtambo mdogo wa kushindilia barabara. Hapo ndipo lilipotoka wazo la vigari vya Matchbox, vilivyoanza kuuzwa mwaka 1953.

Tuliafikiana na mama na mwanawe kwa masharti manne: rafu moja juu ya mlango, dirisha wazi anapotumia gundi na rangi, vifaa chini inapoadhiniwa, na hakuna senti ya matumizi ya nyumbani itakayoguswa. Kijana akakubali, na rafu akaipigilia mwenyewe.

Enyi wazazi wenzetu, mitaa yetu ina wauza unga wanaowangoja vijana wasio na shughuli. Mwana aliyeinama juu ya kadibodi hadi usiku yuko nyumbani, na macho yenu yanamwona. Kabla hamjakitupa alichokiunda, muulizeni kwanza ni nini.

Wabillahi tawfiq.